Chakula cha Malabari Machoni pa Mtu wa Salamabila

Katika mji wetu wa Salamabila, ulio kusini mwa Maniema katika eneo la Kabambare, mashariki ya Kongo, na ambao umekua kwa kuifuata dhahabu ya Namoya kama siafu wafuatavyo asali, mchimbaji atokaye shimoni saa sita za mchana, miguu imejaa udongo na tumbo limeshikana na mgongo, hana safari ndefu ya kutafuta chakula, kwa kuwa kando ya njia zimejipanga zile nyumba ndogo za mabati na maturubai ambamo akina mama huuza wali, bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharagi. "Karibu, papa," mama mpishi humwambia kabla hajaketi, "leo kuko wali na ndakala, kuko na maharagi." Akiisha kula hulipa, na hapo ndipo uso hukunjika, maana mahali penye dhahabu kila kitu hujifanya dhahabu: chumvi, mafuta na sukari vimepanda pikipiki kutoka mbali, vimevuka matope na vizuizi, na vifikapo sokoni havikubali tena kuitwa vitu vya bei nafuu.

Nimeianza makala hii nyumbani, ijapokuwa muradi wake ni kueleza chakula cha watu wa ng'ambo ya bahari, yaani Wahindi wa kusini, na miongoni mwao Wamalabari wa pwani ya Kerala, kwa sababu ni katika kulipa wali wetu kwa bei ya ghali ndipo nilipojifunza kustaajabia watu ambao wamefanya chakula cha bei nafuu kuwa sanaa, wala hawaoni haya kukiita chakula cha watu wote.

Dhahabu yenyewe haikai nasi. Sehemu kubwa ya ile ichimbwayo kwa mikono mashariki ya Kongo huishia Dubai, na njia ipitayo dhahabu hupitwa pia na watu, hata mtaa wa Deira, ulio kando ya hori la mji huo, umekuwa mahali ambapo Kiswahili cha Bukavu, cha Dar es Salaam na cha Mombasa husikika madukani pasipo mtu kugeuza shingo. Nami nilifika huko siku moja nikiandamana na mdogo wangu ambaye kazi yake ni tijara, na baada ya kuzunguka asubuhi nzima katika soko la dhahabu, ambamo mikufu imetundikwa madirishani kama mafungu ya samaki, tukashikwa na njaa. Mdogo wangu, ambaye huhesabu kila senti ya mtaji wake, akaniambia: "Yaya, twende kwa Wamalabari. Pale tutakula tushibe, na nauli ya kuvuka hori haitatushinda." Nauli hiyo ilikuwa dirhamu moja, katika mashua zile za mbao ziitwazo abra; basi nikajua kwamba chakula anachokitaja ni cha watu wa kadiri yetu.

Mkahawa wenyewe haukuwa na fahari yoyote. Meza zilikuwa za kupanguswa kwa kitambaa, beseni la kunawia mikono lilikuwa ukutani mbele ya watu wote, na watumishi walipita baina ya viti wakibeba ndoo ndogo za chuma zenye mchuzi, kama watu wanaozima moto. Dereva wa teksi aliketi pamoja na karani aliyevaa tai, na mwashi mwenye saruji viatuni alikula ubavuni mwa mama aliyekuja na watoto wake, wala hapakuwa na mmoja aliyemtazama mwenziwe kwa jicho la kuuliza umefuata nini hapa. Tuliletewa vitu vyeupe vya mviringo, laini kama sifongo, viitwavyo idli. Andazi la dengu lenye tundu katikati, liitwalo vada. Chatini ya nazi. Na bakuli la mchuzi wa rangi ya kahawia uitwao sambar. Kisha ikaja dosa, mkate mwembamba uliokunjwa, mrefu kuliko mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, ukivunjika kwa mlio nje na kuficha viazi vya manjano ndani. Hapakuwa na kipande cha nyama wala cha samaki, na hata hivyo tulipoinuka tulikuwa tumeshiba shibe ya kweli, ile isiyomwacha mtu saa kumi za alasiri akitafuta tena cha kutia kinywani.

Siri ya shibe hiyo nimeiuliza na kuisoma baadaye, nayo yastahili kuelezwa kwa utaratibu. Idli na dosa hutoka katika rojo moja. Mchele, vipimo vitatu au vinne, huloweshwa maji kando. Na kipimo kimoja cha dengu yenye ganda jeusi, iitwayo urad na iliyo ndugu wa choroko zetu, huloweshwa kando vilevile. Baada ya saa kadhaa vyote husagwa vikiwa vibichi, huchanganywa, hutiwa chumvi na kufunikwa usiku kucha. Asubuhi rojo limepanda likajaa chungu, kwa kuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa juu ya nafaka yenyewe, vimekula sehemu ya wanga na kutoa hewa na uchachu. Hakuna hamira iliyonunuliwa, wala sukari, wala yai. Rojo zito hutiwa katika vibati vyenye vishimo na kupikwa kwa mvuke kwa muda wa dakika kumi hivi, nalo ndilo idli. Likizimuliwa kwa maji kidogo na kutandazwa juu ya chuma cha moto kilichopakwa mafuta, huwa dosa. Na likikaa hadi siku ya pili likazidi uchachu, hawalimwagi, bali hulimimina nene, hulinyunyizia vitunguu, nyanya na pilipili mbichi, likaitwa uttapam. Hivyo kazi ya usiku mmoja yazaa vyakula vitatu, na kile ambacho mpishi mwingine angekiita kimeharibika kwao kimebadilika jina tu.

Fauka ya hayo, mchele na dengu si marafiki wa ulimi peke yake. Wataalamu wa lishe hutueleza kwamba protini ya mchele ina upungufu wa kitu kiitwacho laisini, ambacho jamii ya maharagi imejaliwa nacho kwa wingi, na maharagi nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mchele unayo. Basi viwili hivyo vikikutana sahanini kila kimoja huziba pengo la mwenziwe, na mtu asiye na uwezo wa kununua nyama hujenga mwili wake kwa thamani ndogo. Kule kuchachuka nako huongeza baadhi ya vitamini na kulegeza vile vizuizi vilivyomo katika ganda la nafaka vinavyouzuia mwili kupokea madini. Wazee wa Karnataka na wa Tamil Nadu hawakuyajua majina haya, lakini chakula kifananacho na idli kilikwisha kutajwa katika maandishi ya Kikannada ya mwaka 920 hivi, na watu hawadumu na chakula miaka elfu kwa ajili ya ladha tu.

Mchuzi wa sambar, kwa upande wake, una habari inayotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kuliko tunavyodhani. Kiungo chake kikuu ni mbaazi, zilizokobolewa na kupasuliwa, zikachemshwa mpaka zikavurugika. Na India, ijapokuwa hulima mbaazi kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, haitoshelezi matumbo ya watu wake, hivyo hununua nyingine kutoka Myanmar, Msumbiji, Malawi na Tanzania. Mwaka 2017 serikali ya India ilipoweka mipaka ya ghafula juu ya uagizaji wa mbaazi, bei zilianguka, na wakulima wa Tanzania walioacha mazao mengine kwa kuitumainia India wakabaki na magunia wasijue pa kuyapeleka. Kwa hiyo mtu aketiye Chennai akimimina sambar juu ya wali wake huenda anakula jasho la mtu wa Lindi au Babati pasipo kujua. Na ule uchachu unaouamsha mchuzi hutoka katika ukwaju, tunda ambalo Waarabu waliliita tende ya Kihindi. Mwisho wa yote hutiwa mafuta ya moto yaliyokwisha kupasua mbegu za haradali, pamoja na pilipili kavu, mvuje kidogo, na yale majani mabichi yenye harufu ambayo Wamalabari huyaita kariveppila.

Adhuhuri ikifika, mkahawa hubadili uso. Idli huondoka, na mbele ya kila mlaji hutandikwa jani la mgomba, au sinia yenye vibakuli, na juu yake huwekwa wali katikati, na kando yake mboga za namna mbili au tatu, achari, papadamu, mtindi, sambar, na mchuzi mwepesi wa pilipili manga na ukwaju uitwao rasam, ambao humtoa mtu jasho la paji na kumfungua kifua. Bei ni moja kwa wote, lakini kipimo ni cha tumbo la kila mtu, kwa maana mtumishi hurudi tena na tena na ndoo yake akiongeza wali na mchuzi mpaka mlaji afunike jani kwa mkono wake. Mgeni hudhani kwamba mwenye mkahawa ni mtu wa sadaka, au amepungukiwa na hesabu. Sivyo. Mchuzi wa dengu una gharama ndogo, jani halihitaji sabuni, vyakula ni vichache na vilevile kila siku, hivyo hapana kinacholala, na mlaji hula kwa mkono wa kuume haraka kisha hupisha mwingine. Faida ya sahani moja ni haba, lakini sahani ni nyingi, na haba na haba hujaza kibaba. Ukarimu ule umesimama juu ya hesabu, na hesabu ile imesimama juu ya ukarimu, maana mtu aliyeongezwa pasipo kuomba hurudi kesho.

Baada ya kula huja kahawa, imechanganywa na maziwa na aghalabu na mzizi uliokaangwa wa chikori, ikimiminwa kutoka juu kwenda chini baina ya bilauri na bakuli lake mpaka itoe povu. Wao husimulia kwamba mbegu za kahawa ziliingia kwao katika karne ya 17, zikiwa saba tu, zimeletwa kutoka bandari ya Mokha ya Yemen na walii mmoja aitwaye Baba Budan alipokuwa akirejea kutoka hija, akazipanda katika milima ya Chikmagalur. Iwapo ni saba au si saba, kahawa imekaa, na neno letu lenyewe la mkahawa latukumbusha kwamba nyumba ya kulia ilianza kuwa nyumba ya kahawa.

Kuna neno jingine la kutazamwa. Katika India ya kusini, nyumba ya kulia chakula huitwa hoteli, hata kama haina kitanda hata kimoja, kama vile Nairobi na Dar es Salaam mtu asemapo amekula hotelini asivyokusudia kwamba alilala huko. Hoteli mashuhuri kuliko zote hizo ni zile za watu wa Udupi, mji wenye hekalu la Krishna katika pwani ya Karnataka, ambao wapishi wake, waliozoea kulisha mahujaji kwa wingi, walitawanyika katika karne ya 20 hadi Madras, Bombay na kwingineko wakifungua mikahawa safi isiyo na nyama. Mwanzoni si kila mtu aliketi popote, kwa kuwa matabaka ya Kihindi yalikuwa na makali yake, na wa daraja la juu walitengewa mahali pao. Lakini mahitaji ya mji, ambamo karani na kuli huona njaa saa moja, pamoja na upinzani wa watu waliochoka kudharauliwa, viliyaondoa mapazia yale moja baada ya jingine. Ile meza ya Dubai niliyoisifu haikuwa tabia ya maumbile, bali ilipiganiwa.

Katika Bangalore iko nyumba iitwayo Mavalli Tiffin Rooms, iliyoanzishwa mwaka 1924, ambayo habari zake mbili zafaa kukumbukwa na kila auzaye chakula. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mchele ulipoadimika baada ya Burma kuangukia mikononi mwa Wajapani, wapishi wake hawakufunga milango, bali walijaribu idli kwa semolina, na chakula hicho cha dhiki kimebaki kuwa fahari yao hata leo. Na katika miaka ya 1970, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa nchini India, serikali ilipoamuru mikahawa iuze kwa bei ya chini mno, husimuliwa kwamba wenye nyumba hiyo walikataa kupunguza ubora, wakauza kwa hasara, na kuibandika hasara ya kila siku hadharani ili wateja waisome, mpaka wakalazimika kufunga kwa muda. Unafuu wa amri haudumu, kwa kuwa ni lazima mtu fulani aulipie kwa siri, ama mpishi kwa mfuko wake, ama mlaji kwa afya yake. Unafuu udumuo ni ule utokao katika maarifa: katika kulowesha, kusaga, kungoja, na kutotupa kitu.

Sasa msomaji wa Kasongo au Kabambare ataniuliza: haya yatuhusu nini sisi, tulio mbali na bahari? Yatuhusu sana. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka India na Arabuni hata pwani yetu, na pepo za kusi zikayarudisha, karne nyingi kabla ya Vasco da Gama, ambaye mwaka 1498 alipewa rubani Malindi na kufika Calicut ya Malabari baada ya wiki nne hivi. Mbao za msaji zilizounda majahazi mengi zilitoka katika pwani hiyo hiyo. Mtu wa Unguja aliyezoea vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina, ambavyo vyote ni rojo la mchele na nazi lililoachwa liumuke, akiketi mbele ya paniyaram au appam ya Wahindi wa kusini hahitaji kufundishwa namna ya kula; hata chuma cha vishimo cha vitumbua na kile cha paniyaram havikosi udugu. Mchele huo ukaendelea kusafiri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya watu wa pwani, mashuhuri miongoni mwao Hamed bin Muhammed el Murjebi aliyeitwa Tippu Tip, ambaye mtaji wake ulitoka kwa tajiri Mhindi wa Unguja, Taria Topan, ilivuka Tanganyika, ikapita Kabambare, ikatua Kasongo na Nyangwe, na mashamba ya mpunga yakaota katika nchi ya Maniema. Insafu yanilazimisha kusema kwamba njia iliyoleta mbegu ndiyo iliyochukua watu wakiwa minyororoni, na mababu zetu hawakuununua mpunga huo kwa bei nafuu. Lakini mpunga ulibaki mikononi mwa waliobaki, wakaufanya wao.

Nao Wamalabari wamepokea kile tunachokiita chetu. Muhogo, uliotoka Brazili ukaja kwetu kwa mikono ya Wareno, ulihimizwa katika ufalme wa Travancore katika karne ya 19, wakati wa Maharaja Vishakham Thirunal aliyetawala tangu 1880 hata 1885, ili maskini wapate cha kula mchele ukiadimika. Na leo muhogo wa kuchemsha, uitwao kappa, pamoja na mchuzi mkali wa samaki, ni chakula ambacho mtu wa Kerala aliye ugenini hukitamani mpaka machozi. Mtu wa Salamabila akiwekewa sahani hiyo atauliza tu sombe iko wapi.

Hata kule kuchachusha si elimu ngeni kwetu. Mama zetu huzamisha muhogo mchungu majini siku tatu au nne mpaka ulegee na sumu yake itoke, na huifunga chikwanga, ule mkate wa muhogo, kwa majani na kuipika. Nao watu wa Udupi walikuwa, na wangali, wakipika idli katika vikombe vilivyoshonwa kwa majani ya mfenesi. Tulilokosa ni kuusogeza mchele na kunde katika chungu kimoja.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia haya mama mmoja ambaye nimezoea kula kwake. Alinisikiliza akikoroga maharagi yake, kisha akacheka. "Papa, bibi yangu wa Kasongo alikuwa anafanya vitumbua. Hivyo nyinyi mnaenda kuvitafuta Dubai?" Hata hivyo jioni ile aliulowesha mchele wa Kasongo, vikombe vitatu, na kikombe kimoja cha kunde zilizomenywa, akavitwanga kinuni vikiwa na maji. Tulivifunga katika majani yale yale ya chikwanga na kuvipika kwa mvuke pasipo kuliacha rojo lilale, kwa pupa yangu mimi, na vilitoka vigumu kama mawe ya Namoya; wachimbaji wawili walivigonganisha mezani wakacheka. Mama hakuvitupa. Alivikatakata, akavikaanga katika mafuta ya mawese kwa vitunguu na pilipili, akavila yeye na watoto wake. Rojo lililobaki alilifunika na kuliweka karibu na mafiga yenye joto, na alfajiri kifuniko kilikuwa kimeinuka chenyewe.

Mara hii vilikuwa laini. Havikuwa idli ya Dubai, kwa maana kunde si urad wala kinu si mashine, na rangi yake ilikuwa ya kijivu kidogo. Lakini mchimbaji wa kwanza aliyeingia alikula vinne na bakuli la maharagi, akaangalia ndani ya bakuli lililokwisha, akataka kuuliza jambo akasita, kwa kuwa alihesabu alichobakiwa nacho mfukoni. Mama aliliona jicho lake, akachota upawa mmoja zaidi na kummiminia, asimwongezee bei.